Termosta irudishwe mahali pake

Ndugu wanakoperative wa Mwadingusha, na ninyi wote wa vijiji vya kandokando ya Lufira na ziwa Tshangalele: mvua inakwisha, mahindi yanakauka, na kuanzia mwezi wa 5 asubuhi zetu zitakuwa za baridi tena. Mwezi wa 6 na wa 7 joto la alfajiri linashuka chini ya digrii 10, ukungu unalala juu ya maji, na shofere wa trekta anakuja kazini amejifunga blanketi. Katika majira haya ndipo motere zetu ndogo zinaharibika. Haziharibiki kwa kishindo. Zinaharibika polepole, na bili inakuja mwaka unaofuata, wakati kila mtu amesahau sababu.

Tunajua watu wamoja watacheka. Watasema baridi ya Katanga si baridi ya Ulaya. Kweli. Kule Ulaya mazutu yenyewe inatoa nta na kuziba filtri, na maji ndani ya motere yakikosa dawa yanakuwa barafu na kupasua chuma. Hapa kwetu hatujafika huko. Lakini motere ya dizeli haingoji barafu ili isikie baridi. Kwake yeye, maji ya digrii 40 ni baridi. Maji ya digrii 50 ni baridi. Kazi yake nzuri iko kati ya digrii 80 na 95 hivi, na chini ya hapo anakula mazutu bila kushiba.

Mwenye motere ya kwanza ya namna hii, Rudolf Diesel, aliifanya itembee vizuri mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na wazo lake halijabadilika. Motere ya dizeli haina cheche. Inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa hiyo inapita digrii 500, halafu mazutu inarushwa ndani na kuwaka yenyewe. Moto wote unatoka katika ule mbano. Sasa kama kuta za silinda ni za baridi, zinanyang'anya hewa joto lake kabla mazutu haijawaka vizuri. Matone yanaungua nusu. Sehemu inatoka kwa bomba la moshi, ule moshi mweupe unaouma macho asubuhi. Sehemu nyingine inateremka kando ya pistoni, inaosha mafuta yaliyokuwa yanalinda chuma, inaingia chini na kuchanganyika na mafuta ya motere.

Kuna jambo lingine ambalo wakulima wengi wanashangaa wakilisikia: lita moja ya mazutu ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji. Hatuyaoni kwa sababu yanatoka kama mvuke. Mvuke kidogo unapita kando ya pistoni na kuingia chini. Kama motere ina moto wa kutosha, mvuke huo unapanda na kutoka kwa mpira wa kupumulia. Kama motere ni baridi, unageuka maji palepale, unakutana na salfa ya mazutu, na ndiyo asidi hiyo inayokula vyuma laini vya ndani. Fungua kifuniko cha kuwekea mafuta ya motere mwezi wa 7. Ukikuta chini yake kitu cheupe kama mayoneze, inawezekana motere yako haijawahi kupata moto wiki nzima. Kama hata baada ya siku ya kazi nzito ile mayoneze inarudi, na maji ya radiatere yanapungua, hapo iko shida nyingine, mwite fundi.

Sasa tuseme wazi kinachotusumbua. Trekta nyingi ndogo tunazozikuta katika koperative hazina termosta. Ilikuwepo zilipotoka kiwandani, mtu aliitoa.

Termosta ni mlango mdogo kati ya motere na radiatere. Ndani yake kuna nta. Maji yakiwa baridi, nta ni ngumu, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya motere peke yake na kupata moto haraka. Maji yakifika digrii zilizoandikwa juu ya termosta, 71 au 82 kwa trekta nyingi ndogo, nta inayeyuka na kuvimba, inasukuma mlango, na maji yanaanza kwenda kupoa kwenye radiatere. Hakuna umeme, hakuna kamba. Ukiitoa, maji yote yanapita radiatere tangu dakika ya kwanza, saa 12 asubuhi, na upepo wa feni juu yake. Trekta inayovuta trela la mahindi kilomita mbili, inasimama kupakia, inarudi, inasimama tena, haitaona digrii 80 siku nzima.

Na kazi za majira ya baridi ni hizo hizo nyepesi. Kulima kwa nguvu ni mwezi wa 10 na wa 11, wakati jua linachoma, na hapo hata motere isiyo na termosta inaweza kupata moto kwa uzito wa kazi. Mwezi wa 6 ni kusomba magunia, kupeleka mbolea ya ng'ombe kwenye bustani za mboga, kupampu maji ya Lufira kwenye kabichi na nyanya, kuzungusha mashine ya kupukuchua. Motere haifanyi jasho. Kazi nyepesi, hewa baridi, na mlango umeng'olewa: mambo haya matatu yakikutana, motere inafanya kazi miezi minne kama mtu anayelima amevaa nguo zilizolowa.

Kwa nini watu wanaitoa? Hawaitoi kwa ujinga, na tusiwatukane mafundi. Wanaitoa kwa sababu trekta ilichemka. Na ilichemka kwa sababu ambayo mara nyingi haihusu termosta hata kidogo. Sisi tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari. Kwa kimo hiki maji katika sufuria ya wazi yanachemka kwa digrii 96 hivi, si 100. Radiatere imewekewa kifuniko chenye springi ili ibane mvuke. Kifuniko kizima kinaongeza karibu digrii 20 kabla maji hayajachemka. Lakini ni koperative ngapi zina kifuniko kizima? Tumeona kitambaa. Tumeona mfuko wa plastiki umefungwa na mpira wa tairi. Tumeona kipande cha gunzi la mahindi, na kilikuwa kimechongwa vizuri sana, lazima tukubali. Kwa kifuniko cha namna hiyo, motere inachemka kwa digrii ambazo zingekuwa bado salama. Ongeza mbegu za majani zilizoziba radiatere mbele, mkanda wa feni uliolegea, tope la mto lililoganda ndani kwa sababu radiatere inajazwa ndoo kwa ndoo moja kwa moja kutoka ziwani. Trekta inachemka mwezi wa 10, fundi anaitwa, hana kifuniko kipya, hana mkanda, ana ufunguo wa 12 tu. Anatoa termosta. Trekta inapoa. Kila mtu anafurahi.

Kwetu sisi hiyo ni kama kutoboa sufuria ili bukari isiungue.

Tena kuna motere ambazo zikitolewa termosta zinachemka zaidi. Katika hizo, termosta ikifunguka upande mmoja inafunga njia fupi upande wa pili, ili maji yote yaende radiatere. Ukiing'oa, njia fupi inabaki wazi, na maji mengi yanazunguka ndani bila kupoa. Kwa hiyo mwezi wa 7 iko baridi mno na mwezi wa 10 iko moto mno, na mwenye trekta anasema motere ya aina hii ni mbovu.

Hatusemi mambo haya kwa mashine zote. Motokulta nyingi za magurudumu mawili, na motere za silinda moja zinazozungusha mashine za kusaga na pampu, zina tangi la maji la wazi juu ya silinda. Hizo hazina termosta tangu kuzaliwa. Maji yake yanachemka wazi na mvuke unatoka. Ni vile zilivyotengenezwa. Kwetu zinafanya kazi kwa digrii 96 hivi na hakuna shida, mradi maji yaongezwe kila yanapopungua. Tunasema hivi kwa sababu kuna mashofere wanaozima motere ya namna hiyo kila inapochemka, wanamwaga maji ya moto na kuweka ya baridi. Wasifanye hivyo. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinapasuka.

Tuje kwa jambo la relanti, na hapa ndipo ugomvi ulipo, kwa sababu kuna pesa ndani.

Mashofere wengi wanawasha trekta saa 12 asubuhi, wanaiacha kwa relanti nusu saa, wanakwenda kunywa chai. "Acha ipate moto kwanza." Nia ni nzuri, lakini motere ndogo ya dizeli ikiwa kwa relanti inachoma mazutu kidogo sana, haiwezi kujipasha moto. Unaweza kuiacha saa nzima asubuhi ya baridi, na kama termosta haipo, mshale wa joto hautapanda. Wakati huo wote mazutu iliyoungua nusu inateremka kwenye mafuta. Motere inapata moto kwa kufanya kazi nyepesi. Kwa hiyo: pasha buji mpaka taa yake izimike, washa, ngoja dakika moja au mbili mpaka taa ya presha ya mafuta izimike na motere itulie, halafu ondoka polepole kwa gia ya chini, gazi ya katikati, bila mzigo mzito. Dakika 5 mpaka 10 za mwendo huo zinashinda nusu saa ya relanti. Jembe lishuke ardhini mshale ukiwa umeanza kupanda vizuri. Tena kumbuka kwamba mafuta ya gia na ya haidroliki nayo ni mazito asubuhi, mikono ya nyuma inapanda polepole, usiilazimishe.

Sasa fikirieni ginsi tunavyolipana. Katika koperative nyingi mwanachama analipa trekta kwa saa. Shofere akiiacha kwa relanti dakika 20 kila asubuhi, siku 26 za kazi, ni karibu saa 9 kwa mwezi. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 8 ni karibu saa 35 ambazo hazikulima hata mstari mmoja. Nani analipa saa hizo? Mara nyingi ni mwanachama wa kwanza wa asubuhi. Naye si mjinga, anasimama pembeni mwa shamba anatazama saa ya simu na kusema: "Baba, trekta iko inanguruma bure, ingia kazini." Shofere anaingia na motere ya baridi, anakanyaga gazi mpaka mwisho, mkulima anaokoa dakika 20 zake, na koperative nzima inapoteza ringi za pistoni. Hatumlaumu mkulima huyo. Mpango wa malipo ndio unaomsukuma afanye hivyo.

Maoni yetu ni kwamba dakika za kupasha motere zilipwe na koperative, si na mtu wa kwanza. Njia rahisi ni kulipisha kulima kwa hekta, na kusomba kwa safari, badala ya saa. Hapo shofere hana faida ya kuiacha motere kwa relanti, na mkulima hana sababu ya kumfukuza. Wenye kusema kwamba shamba lenye visiki linachukua muda mrefu kuliko lililo safi wana haki. Basi shamba la visiki liwe na bei yake. Na kama mnataka kubaki na saa, basi hesabu ianze trekta inapofika shambani, na zamu ya asubuhi izunguke, isiwe kila siku mjane yule yule wa nyumba ya karibu na hangari.

Watatuuliza pesa ya termosta itatoka wapi. Tunajibu kwa kipimo mnachoweza kufanya wenyewe. Asubuhi moja jazeni tangi mpaka mdomoni, acheni motere kwa relanti saa moja, jazeni tena kwa chupa mkihesabu. Zidisheni kwa bei ya mazutu ya siku hiyo hapa kwetu, si ya Likasi, kwa maana bidoni ikifika huku imekwisha kupanda bei. Kisha zidisheni kwa saa 35. Weka hesabu hiyo pembeni ya bei ya termosta na kifuniko cha radiatere, vitu viwili vinavyoingia katika mfuko wa shati. Bado hatujahesabu mafuta ya motere yaliyobadilishwa mapema, wala silinda.

Kuna koperative moja, hatutaitaja, ambayo kamati yake ilikataa kununua kifuniko kwa sababu "trekta iko inatembea." Tunaisikia sana sentensi hiyo. Trekta yenye mshale wa joto uliokufa itatembea mpaka siku itakayosimama, na hakuna atakayeweza kusema ilianza kuumwa lini. Tazameni bwawa letu wenyewe. Mitambo ya Mwadingusha ilianza kazi mwaka 1930, na ukarabati wake mkubwa ulimalizika mwaka 2021. Turbini zake sita zinapimwa joto mchana na usiku, na hakuna fundi pale angekubali kuzungusha hata moja bila kujua joto la vyuma vyake. Umeme wake unapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, vijiji vingi bado vinasaga kwa mazutu; hiyo ni habari nyingine, na tutaiandika siku yake. Lakini adabu ile ya kupima inaweza kushuka kutoka kwenye nguzo na kuingia katika hangari ya koperative bila kulipiwa bili. Tunapendekeza iandikwe katika kanuni: trekta yenye mshale wa joto usiofanya kazi haitoki.

Mambo mengine tutayapita haraka. Katoni mbele ya radiatere haisaidii sana kama termosta ni nzima, maana maji bado hayajafika huko. Na ikisahauliwa saa sita mchana inapika motere. Makaa ya moto chini ya motere, hapana, hata kama babu yenu alifanya hivyo na lori la kampuni. Mafuta ya motere ya namba 40 peke yake ni mazito asubuhi. Yale ya 15W-40 yanakimbia haraka kufika juu na bado yanashika mchana. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha mafuta. Kiasi kikiwa kimepanda badala ya kushuka, na kinanuka mazutu, usifurahi kwamba motere haili mafuta. Badilisha. Maji ya radiatere yawe ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, pamoja na dawa yake kama inapatikana, kwa sababu dawa hiyo inazuia kutu na inachelewesha kuchemka, hata pasipo barafu. Na kifuniko cha radiatere yenye moto hakifunguliwi. Ngojeni mpaka mkono uweze kukaa juu ya radiatere.

Ndugu zetu wa Njombe na Makete, kule Tanzania, wanalima mahali ambapo mwezi wa 7 baridi inachoma majani ya viazi, na wa Kinangop, Kenya, nao wanaijua baridi ya namna hiyo. Baridi yetu ni ndogo kuliko yao. Mkulima wa huko anajua kwamba baridi ni adui na anajitayarisha. Sisi tunaishi katika nchi ya joto inayopata baridi miezi mitatu, minne, na tunaendesha mashine mwaka mzima kama vile ni mwezi wa 10.

Kwa hiyo mkutano wa kamati wa mwezi huu uwe na jambo hili katika orodha. Mtu anayekwenda Likasi kuuza mahindi apewe kazi ya kununua. Asiende na jina la trekta mdomoni peke yake, maduka yatampa chochote. Aende na termosta ya zamani kama bado iko katika kopo la misumari, au na upana wa mahali inapokaa uliopimwa kwa rula, na namba ya motere iliyoandikwa kwenye chuma chake, si ile ya kwenye boneti. Anunue na joenti yake. Kabla ya kuifunga, mama yeyote mwenye sufuria anaweza kuipima: ining'inizwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini, moto uwashwe. Maji yakiwa ya kuoga, lazima ibaki imefungwa. Yakikaribia kuchemka, ile ya 71 lazima iwe imefunguka yote, na ile ya 82 iwe imefunguka karibu yote, kwa sababu maji yetu ya digrii 96 yanaifikisha ukingoni tu. Iliyokaa wazi katika maji ya baridi irudishwe dukani siku ileile, na karatasi ya malipo. Wakati wa kuifunga, upande wenye nta unatazama motere, na kama ina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza, kitundu hicho kiwe juu, ili hewa itoke wakati wa kujaza maji.